Siku ishirini za Theophilus

Karibu mwaka 150 baada ya Kristo, mwanajiografia Ptolemy aliketi Aleksandria akiipanga pwani yetu ya Afrika Mashariki kwenye ramani bila kuwahi kuitia machoni. Alichokuwa nacho ni kitabu cha Marinus wa Tiro, na ndani yake habari za mabaharia watatu.

Diogenes alikuwa akirudi kutoka India. Alipokaribia Aromata, rasi tunayoiita leo Guardafui, upepo wa kaskazini ukamchukua kusini kwa siku 25, hadi jirani na bandari ya Rhapta. Theophilus yeye alitweka Rhapta kwa upepo wa kusini, na siku ya 20 akatia nanga Aromata. Msomaji wa pwani ameshaelewa: mmoja kaletwa na kaskazi, mwingine kapandishwa na kusi. Wa tatu, Dioscorus, alisema kutoka Rhapta hadi rasi ya Prasum ni stadia 5,000.

Sasa siku zigeuzwe umbali. Theophilus alikadiria stadia 1,000 kwa usiku na mchana, Marinus akakubali. Siku 20 zikawa stadia 20,000, na kwa kipimo chao cha stadia 500 kwa uzi mmoja wa latitudo, hizo ni nyuzi 40. Fungua atlasi: kutoka Guardafui hadi mlango wa Rufiji, ambako baadhi huiweka Rhapta, ni nyuzi kama 20 tu. Hesabu nzima ya Marinus iliipeleka Prasum stadia 27,800 kusini ya ikweta, kwenye bahari ya baridi iliyo mbali kupita ncha ya Afrika. Marinus mwenyewe alishtuka, akaikata hadi 12,000 ili iangukie Tropiki ya Kaprikoni. Kwa nini 12,000? Hakutoa sababu ya maana, na hilo ndilo lililomkera Ptolemy.

Ptolemy aliwasoma mashahidi kama hakimu. Theophilus, anasema, alieleza kwamba alifika siku ya 20. Hakusema kwamba alisafiri siku 20 kamili. Tena, safari ya Rhapta hadi Prasum ilichukua siku nyingi, mbona Dioscorus anaipa stadia 5,000 tu? Hapo kambana Marinus barabara. Hoja yake nyingine ni dhaifu: eti haisadikiki upepo ubaki ule ule siku zote hizo. Nahodha yeyote wa Lamu angemcheka, maana kusi hushika miezi. Kilichopunguza mwendo labda ni kulala bandarini.

Badala ya siku, Ptolemy akapima kwa watu na wanyama. Weusi wa watu na tembo wa kusini, alisema, wanafanana na wa Meroe, mji wa Nile ulio nyuzi 16 na dakika 25 kaskazini ya ikweta. Basi mwisho wa kusini uwekwe umbali huo huo upande wa pili. Ni makisio matupu, lakini Rasi ya Delgado, ambako wengi huiweka Prasum, iko karibu nyuzi 11 kusini. Amekosea nyuzi tano hivi. Marinus, hata baada ya kukata, 13. Rhapta Ptolemy aliipa nyuzi 7 kusini, na hapo alikaribia sana.

Kupita Prasum hakuwa na shahidi hata mmoja. Akaikunja nchi kavu kuelekea mashariki hadi iungane na Asia, Bahari ya Hindi ikawa ziwa, na baadhi ya wasomaji wake Ulaya waliendelea kuichora hivyo mpaka Bartolomeu Dias alipoizunguka ncha ya Afrika mwaka 1488.