Amana ya Muuguzi, Mji wa Kale

Jumatano ya tarehe 6 Mei 2020, jioni, Mji wa Kale wa Mombasa ulifungwa. Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kwa siku 15 hakuna atakayeingia wala kutoka, na kwamba masoko na mikahawa ya eneo hilo isimamishe kazi. Mtaa wa Eastleigh, Nairobi, ulipewa amri hiyo hiyo siku hiyo hiyo. Ramadhani ilikuwa inakaribia nusu. Katika mitaa ya Kibokoni na Kuze, ambako mwezi huo watu hukesha barazani baada ya tarawehe, kulikuwa kimya, na misikiti ilikuwa haiswaliwi jamaa tangu Machi. Siku 15 zikaongezwa. Amri ilipoondolewa mwanzoni mwa Juni, Idi ilikuwa imeshapita.

Katikati ya kifungo hicho, tarehe 12 Mei, dunia ilitimiza miaka 200 tangu kuzaliwa kwa Florence Nightingale. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeutangaza mwaka huo kuwa Mwaka wa Wauguzi na Wakunga. Katika Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi kisiwani huiita Makadara, siku hiyo iliwakuta wauguzi zamuni. Mwaka huo huo kaunti iliandaa vitanda 300 vya wagonjwa wa korona katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kule Tudor. Vitanda hupatikana kwa fedha. Anayejua kukaa kando ya kitanda hicho usiku kucha huchukua miaka kumfundisha.

Ufundi wa muuguzi unaonekana vyema pale anapovua nguo za kinga, maana kuzivaa ni rahisi kuliko kuzivua. Nje ya gauni na glavu kuna vijidudu ambavyo havionekani, na mwenye nguo hizo amechoka, jasho linamtiririka kwa unyevu wa masika ya Mombasa, na pengine amefunga na hajaonja maji tangu daku. Glavu hutangulia. Moja hubanwa kwa nje karibu na kiganja na kuvutwa ikipinduka. Ya pili huingiziwa kidole kwa ndani, upande usioguswa na mgonjwa. Gauni hukunjwa kwa ndani, taratibu, lisikung'utwe. Mikono husafishwa. Miwani hushikwa kwa kamba ya nyuma, na barakoa ndiyo ya mwisho kutoka, nayo huguswa kamba tu. Kisha mikono tena. Akiruka hatua moja kwa haraka ya kuwahi adhana ya magharibi, ugonjwa huenda naye nyumbani, na nyumba za Mji wa Kale ni za vizazi vitatu chini ya dari moja: bibi, mama, wajukuu, ngazi moja na choo kimoja. Wajibu wake kwa mgonjwa na wajibu wake kwa mamake hukutana katika dakika hizo chache.

Lakini katika mitaa ya kisiwani kulikuwa na kazi nyeti zaidi ya hiyo, nayo ni kutunza siri.

Anayeijua Ndia Kuu anajua kwamba mtu hapiti bila kusalimiwa. Madirisha yanatazamana, na habari ya harusi au ya msiba hufika upande wa pili kabla ya mwenyewe. Gari la wagonjwa likisimama mbele ya mlango, jina la mwenye mlango huo tayari liko barazani. Mwaka 2020 jina hilo lilikuwa na bei. Mwanzoni mwa janga, waliopelekwa karantini walitakiwa kujilipia gharama wenyewe, na waliokamatwa kwa kuvunja kafyu nao wakafungiwa katika vituo hivyo hivyo. Serikali ikawa imefanya kinga ifanane na adhabu. Upimaji ulipoletwa Mji wa Kale, wakaazi wengi walijizuia, na kuna waliowaita wajinga. Tuhuma hiyo haikuwa ya haki. Watu walikuwa wamepiga hesabu: kipimo kikionyesha virusi, baba atapoteza kibarua, nyumba itanyooshewa kidole, na bili itakuja.

Hapo ndipo uadilifu wa muuguzi ulipokuwa na kazi ya kufanya. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inalinda siri ya mgonjwa, na Katiba, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu. Wakati huo huo korona ilikuwa ugonjwa wa kutolewa taarifa: waliokaribiana na mgonjwa lazima watafutwe. Muuguzi alisimama kati ya amri hizo mbili, na kila siku alipaswa kupima lipi aliseme kwa nani. Timu ya kufuatilia maambukizi ilistahili kujua kila kitu. Jirani aliyeuliza kwa wema kabisa, "Sista, yule bwana wa nyumba ya pili ana nini?" hakustahili kujua lolote. Kumnyima jirani jibu bila kumdanganya na bila kumvunjia heshima ni ustadi, hasa kwa mtu atakayekutana naye tena kesho Marikiti. Bi mkubwa anayekataa kupimwa naye hahitaji kukemewa. Anahitaji kuketi na mtu atakayemwambia bila kuficha kijiti kitaingia wapi, kitauma kiasi gani, majibu yatapelekwa kwa nani na nini kitafuata. Mtu kama huyo akiaminiwa na nyumba moja, nyumba ya pili hufungua mlango.

Je, wajibu wa kubaki na mgonjwa wakati wa hatari una mpaka? Afrika Mashariki ilishaulizwa swali hili kabla ya korona. Mwaka 2000 Ebola iliingia Gulu, kaskazini mwa Uganda, ikawapata watu 425 na kuua 224. Katika Hospitali ya St. Mary's, Lacor, wauguzi walikuwa wakizikana. Mwishoni mwa Novemba walikusanyika wakitaka kuondoka, na ni nani angewalaumu? Dkt. Matthew Lukwiya, aliyeiongoza hospitali, alikaa nao na kuzungumza nao. Aliwaambia yeye anabaki. Wakabaki. Yeye mwenyewe alifariki kwa ugonjwa huo tarehe 5 Desemba. Mkutano ule una uzito kwa sababu ulimtambua muuguzi kama mtu mwenye haki ya kuogopa, na aliyewaomba wabaki alikuwa anaikabili hatari ile ile.

Kenya haikufanya hivyo kila mara. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu, polisi waliwapiga na kuwarushia vitoa machozi watu waliokuwa wakisubiri feri ya Likoni. Ni njia hiyo hiyo anayopita muuguzi wa Makadara anayeishi ng'ambo ya kusini. Desemba ya mwaka huo wauguzi na maafisa wa kliniki wa nchi nzima waligoma kuanzia tarehe 7, wakidai vifaa vya kinga, bima ya afya na marupurupu ya hatari, na mwaka mpya uliwakuta bado nje. Wagonjwa waliumia, na hilo halifichiki. Hata hivyo Sheria ile ile ya 2017 inayomtaka mhudumu wa afya afanye kazi kwa uaminifu inampa pia haki ya mazingira salama yanayopunguza hatari ya kuambukizwa, na Katiba, kifungu cha 41, inampa haki ya kugoma. Aliyemtaka muuguzi atimize nusu moja ya sheria huku mwenyewe akiiacha nusu ya pili alikuwa anadai asichostahili.

Kuna wajibu mwingine ambao hauwekwi kwenye chati. Mwislamu anapokata roho hutamkiwa shahada na walio karibu naye. Katika wodi ya korona jamaa walizuiwa mlangoni. Muuguzi anayeujua mji huu, awe Mkristo kutoka Taita au mzaliwa wa Bondeni, anajua kwamba simu iliyoshikwa karibu na sikio la mgonjwa, mwanawe akimtamkia kutoka nyumbani, ni sehemu ya huduma sawa na oksijeni. Mkono ule uliovaa glavu unachoka kushika simu. Hiyo pia ni kazi yake.

Chanjo ilipokuja, wajibu ukabadilika sura. Shehena ya kwanza ya AstraZeneca, zaidi ya dozi milioni moja, ilitua Kenya tarehe 2 Machi 2021, na siku tatu baadaye wahudumu wa afya wakaanza kuchanjwa. Kisha ikaja Ramadhani, katikati ya Aprili, na pamoja nayo swali: sindano inabatilisha saumu? Wanazuoni wa nchi mbalimbali, Mufti Mkuu wa Saudia akiwa mmoja wao, walikuwa wameshatamka kwamba haibatilishi. Muuguzi mwadilifu alijua pa kuishia. Kuhusu saumu alimwelekeza muulizaji kwa sheikh wake. Kuhusu dawa alijibu mwenyewe, pamoja na habari za damu kuganda zilizokuwa zikitoka Ulaya: kwamba jambo hilo limetokea, kwamba ni nadra sana, na ni dalili zipi zikionekana mtu arudi hospitali upesi.

Wakati huo India, ilikotengenezwa chanjo hiyo, ilikuwa imezuia kuuza nje kwa kuwa wagonjwa wake wenyewe walikuwa wamefurika. Muda wa kungoja dozi ya pili nchini Kenya ukarefushwa kutoka wiki 8 hadi 12. Uamuzi ulifanywa mbali na Mombasa, na hakuna muuguzi aliyeshauriwa. Lakini tarehe ya kurudi kwenye kadi ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wake, na waliokuja na kadi zao mkononi walimwendea yeye. Alipaswa kuwaeleza kwa nini dozi haipo, lini inatarajiwa na kinga ya dozi ya kwanza inafika wapi, na kama hakujua lini, aseme hajui, kisha achukue namba ya simu ya kila mmoja ili wapigiwe siku itakapofika.