Lavati: Umbo Moja, Maana Mbili

Kabla ya chakula, mama wa Kiitaliano humwambia mwanawe: lavati le mani, nawa mikono. Katika lavati kuna kitenzi lava, osha, na kijineno ti kilichogandishwa nyuma yake kumrudishia mtoto tendo lake. Sisi tunapachika ji- mbele: jioshe, jifiche, na ji- yetu haijali nafsi. Chao hubadilika: kwa watoto wengi ni lavatevi, na mama akijihesabu pamoja nao, laviamoci.

Ustadi wenyewe uko kwenye kiungo. Kijineno kinaongeza silabi lakini hakisogezi mkazo: unabaki palepale kwenye la-. Ulimi wa Mswahili, uliozoea kukazia silabi ya pili kutoka mwisho, utataka kukazia -va-, na hapo utakuwa umetamka neno jingine kabisa, lile la wakati uliopita: ci siamo lavati, tumenawa. Herufi ni zilezile, na kwa kawaida Waitaliano hawaandiki alama ya mkazo hapo. Amri na taarifa kwamba imetekelezwa zinakaa katika umbo moja, na sikio ndilo linalozitenganisha.

Mkubwa usiyemzoea haambiwi lavati. Kijineno kinarudi mbele kwa adabu, si lavi. Kumkataza mtoto ni non lavarti au non ti lavare, yote sawa.

Wakati uliopita una mantiki inayopendeza zaidi. Nimeosha gari ni ho lavato la macchina, kwa kitenzi kisaidizi avere, kuwa na. Tendo likimrudia mtendaji, avere anapisha essere, kuwa, na essere anadai upatanisho: mwanamume ni mi sono lavato, mwanamke mi sono lavata. Sisi wenye ngeli hatuna haki ya kulalamikia upatanisho! Ila huu unafichua jambo ambalo Kiswahili hakiulizi: barua isiyo na jina ikisema mi sono lavata, aliyeiandika ni mwanamke.

Leon Battista Alberti, msanifu majengo aliyebuni uso wa kanisa la Santa Maria Novella mjini Florence, aliandika sarufi ya Kitoskana karibu mwaka 1440, kuonyesha kwamba lugha ya nyumbani ina kanuni zake kama Kilatini. Kwa kanuni kama hizi za lavati, naona alikuwa sahihi.

Ukianza Kiitaliano, majedwali ya vitenzi yasubiri. Tamka lavati kwa sauti, mkazo mwanzoni, mpaka ulimi ukubali.