Mbegu za Wendland

Tuanze na mbegu, maana hapo ndipo kazi yote ilipoharibika. Juzuu la 42 la jarida la bustani Gartenflora, la mwaka 1893, leo ni kitabu cha kuviziwa minadani, na wapenzi wa maua wanaufungua ukurasa wa mchoro namba 1391 kwa heshima ya msikitini. Hapo ndipo Saintpaulia ionantha (African violet) ilipotambulishwa kwa dunia. Mwandishi ni Hermann Wendland, mkuu wa bustani za kifalme za Herrenhausen, Hannover, zenye historia tangu 1666. Mchoro ni mzuri, na jenasi mpya aliipambanua sawasawa. Sifa zake ziishie hapo.

Sasa mbegu. Walter von Saint Paul, ofisa wa Kijerumani kule Tanga, aliuona mmea huu sehemu mbili: kwenye mawe ya chokaa karibu na mji, chini kabisa, na kwenye miamba ya msitu wa Usambara, juu milimani. Mwamba tofauti, mwinuko tofauti, hewa tofauti. Mbegu zikapita kwa baba yake huko Ulaya hadi Herrenhausen. Wendland akazipanda, zikachanua, akachukua kalamu na kuelezea mmea mmoja.

Mmoja! Huyu si mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ni mtoto na mjukuu wa watunza bustani wa Herrenhausen hiyohiyo, bingwa wa michikichi na jamaa zake aliyeheshimika dunia nzima. Alijua kwamba mbegu za sehemu mbili hupewa namba mbili, vitalu viwili na kurasa mbili za daftari, hata kama miche inafanana. Anayemimina mchele wa Kyela na wa Mbarali gunia moja hawezi kesho kukuambia punje ipi ilitoka wapi, na Herrenhausen ilifanya hivyo kwa mmea uliokuwa haujawahi kuandikwa na mtu. Spishi inapoandikwa mara ya kwanza ndipo asili inapohitajika kuliko wakati wowote, kwa sababu kila atakayefuata atapimia hapo.

Tena alama zilikuwapo mezani. Nywele za majani, ambazo Burtt, mtaalamu wa mimea wa Edinburgh, alikuja kuzitegemea kupambanua jenasi hii, zinaonekana kwa kioo cha mkono. Wendland hakukosa kioo. Nadhani alikosa subira: ua lilikuwa jipya, soko la bustani lilikuwa na njaa, na mwaka huohuo wa 1893 mmea ulipelekwa kwenye maonyesho ya Ghent. Benary wa Erfurt akauza mbegu. Kuanzia miaka ya 1920 Armacost na Royston wa Los Angeles wakazalisha machotara yao kumi maarufu, na machotara mengi ya madirishani leo yana damu hiyo. Burtt ndiye aliyekuja kuokota vipande miaka ya 1950, akauandika mmea wa pili, uliokuwa umechanganywa na ionantha, kama Saintpaulia confusa.

Najua watetezi watakuja na Darbyshire. Ni kweli, mwaka 2006, katika Flora of Tropical East Africa, mtaalamu huyo alipunguza spishi kutoka takriban 20 hadi 6, na confusa ikaingizwa chini ya ionantha. Mwaka 2015 wana-DNA wakaimeza jenasi nzima ndani ya Streptocarpus, jambo ambalo mimi bado linanikaa kooni. Lakini hayo hayamwokoi Wendland. Darbyshire aliunganisha baada ya kulinganisha sampuli zenye mahali pake. Wendland aliunganisha kabla ya kulinganisha chochote. Matokeo yakifanana, bado kazi hazifanani.

Mtu wa kumlinganisha naye tunaye hapa kwetu. Walter Goetze, mchuma mimea wa Kijerumani, alipanda milima ya Uluguru mwaka 1898, mwaka mmoja kabla ya kufariki, na alichochuma alikipa namba. Kwa sampuli zake Engler wa Berlin aliandika Saintpaulia goetzeana na S. pusilla mwaka 1900. Baadaye moto wa 1943 uliunguza hebaria ya Berlin, lakini goetzeana haikuyumba. Hata Darbyshire aliiacha isimame peke yake. Ni mmea wa misitu ya juu yenye ukungu, na watunza vyungu wa Ulaya unawashinda. Na bado Wajerumani wanaiita jamii nzima kwa jina la Usambara! Nimeshasema na nitarudia: Uluguru imechoka kuandikwa kama kiambatisho cha Amani ya Usambara. Hata hebaria ya Amani yenyewe ilihamishiwa Nairobi, tukabaki kuomba ruhusa ya kutazama majani yetu. Tamás Pócs, aliyefundisha hapa Morogoro, ndiye aliyetupa haki yetu: miaka ya 1970 alichapisha vipimo vya maji yanayoshikwa na kuvu-mwani, kangaga na mosi za mitini Uluguru, mahali kwa mahali, mwinuko kwa mwinuko.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa vijana wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na waongoza watalii wa Morningside, kwenye mteremko wa Uluguru. Uluguru ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 2008, hivyo usiling'oe ua la mwambani. Lipige picha, andika kijito, mwamba na mwinuko siku hiyohiyo, kisha peleka taarifa hebaria. Ukipata kibali cha kuchukua mbegu, kila mwamba uwe na bahasha yake.