Uvumi wa Beni Ulivyogeuzwa Takwimu

Mpenzi wa sayansi asiye na ajira ya maabara huanza na hadubini na chupa mbili tatu. Katika mlipuko wa Ebola wa Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mlango huo ulikuwa umefungwa, na ilikuwa haki ufungwe. Virusi vilivyomo kwenye damu viliuawa kwanza ndani ya sanduku lenye glavu, ndipo sampuli ikaingizwa kwenye mashine ya GeneXpert, na jibu likatoka baada ya saa moja na nusu hivi. Hapo raia wa kawaida hakuwa na nafasi.

Alichoweza kukusanya ni maneno. Baada ya mlipuko kutangazwa Agosti 1, 2018, watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba Beni, na baadaye Butembo na Katwa. Wengi walikuwa watu wa mitaa hiyohiyo, wanaosikia Kinande na Kiswahili. Baada ya kueleza habari za ugonjwa, waliandika walichoambiwa. Karatasi zikaingizwa kwenye kompyuta, na kila kauli ikapangwa: hili swali, hili pendekezo, hii shukrani, huu uvumi au imani. Kisha ikapewa alama ya mada yake: chanjo, mazishi, vituo vya matibabu. Wataalamu wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, walisaidia kuchambua.

Kwangu mimi, ufundi wote uko kwenye kuandika kauli kama ilivyotoka mdomoni. Mratibu angeweza kuandika "jamii ina mashaka juu ya mazishi", asimsaidie mtu yeyote. Lakini kauli kwamba mifuko ya maiti imejazwa mawe, na miili imeibiwa viungo, inaonyesha mahali pa kurekebisha. Ikaletwa mifuko inayoonyesha ndani, familia ikamwona mtu wake. Mahubiri mangapi yangefanya kazi ya plastiki hiyo?

Kasoro zipo. Waliohojiwa hawakuchaguliwa kwa bahati nasibu, na si kila mtu hufungua moyo mbele ya fulana ya Msalaba Mwekundu. Waliochukia kabisa hawakufungua hata mlango. Kwa hiyo takwimu hizi hazisemi ni wakazi wangapi waliamini jambo fulani. Zinafaa kwa kulinganisha wiki na wiki, mtaa na mtaa: uvumi gani unapanda, upi umezimika.

Tena yapo malalamiko ambayo timu ya afya haikuwa na dawa yake. Desemba 26, 2018, tume ya uchaguzi iliahirisha kura za Beni na Butembo, ikitaja Ebola na usalama, na watu wakazidi kuona ugonjwa huo ni siasa. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Kuandika lalamiko kwa usahihi hakukulijibu.

Basi anayetaka kuiga kazi hii mtaani kwake, kabla ya kugawa karatasi amtafute mwenye mamlaka ya kubadili kitu, akubaliane naye siku ya kurudisha majibu kwa watu.