Swali la "Nani" katika Habari za Uhalifu Kibondo na Kasulu

Mafunzo ya uandishi wa habari huanza na maswali sita: nani, nini, wapi, lini, kwa nini na vipi. Wahakiki wengi huyapita haraka ili kuwahi masuala ya mtindo na itikadi. Kwa habari zinazohusu Kibondo na Kasulu, mtafiti anaona kwamba itikadi imejificha humohumo katika maswali hayo mepesi.

Tuchukue sentensi iliyotungwa kwa ajili ya mjadala huu: "Watu wanaosadikiwa kuwa wakimbizi wamevamia kijiji kimoja mkoani Kigoma na kupora mali." Kisarufi haina dosari. Hata hivyo, "wanaosadikiwa" ni kauli ya kutendwa, na mtenda ameachwa. Anayesadiki ni polisi, mwenyekiti wa kijiji, au mwandishi mwenyewe? Tena kwa ushahidi gani? Ushahidi ukiwa ni lugha, hautoshi, kwani Kiha cha wenyeji na Kirundi hukaribiana mno. Sauti iliyosikika gizani yaweza kuwa ya mtu wa ng'ambo ya mpaka, au ya kijiji cha pili.

"Wapi" nako kunalegalega. Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, iko Kasulu; Nduta, iliyofunguliwa upya 2015 Warundi walipokimbia machafuko, iko Kibondo. Neno "Kigoma" pekee linazitia lawamani kambi zote mbili kwa tukio moja.

Lakini pengo kubwa zaidi ni la "kwa nini". Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 1998, mkimbizi hutakiwa kukaa katika eneo lililotengwa na kutoka kwa kibali. Mwanamke aliyekutwa porini akitafuta kuni huweza kuandikwa kuwa "amekamatwa nje ya kambi", habari ikaishia hapo. Kuni, ambazo ndizo kisa chenyewe, hazitajwi.

Mwandishi wa wilayani ana utetezi wake: barabara ni ndefu, na anayelipwa kwa kila habari iliyochapishwa hawezi kusubiri siku tatu. Utetezi huo unaeleza kwa nini jibu halikupatikana. Hauelezi kwa nini pengo lilifichwa. Ingetosha kuandika: "Polisi wanasema wavamizi ni wakimbizi, hawakueleza wamewatambuaje." Sentensi hiyo haihitaji safari wala posho.