Radioamateri: tuanze na sikio, mdomo utafuata



Kuna wazo linazunguka katika magrupu yetu ya wanafunzi: tuunde klabu ya radioamateri hapa Goma, kisha tuombe kuzungumza na wanaanga walio kwenye kituo cha anga cha kimataifa, ISS. Wazo ni zuri, naliunga mkono. Lakini vile linavyoelezwa, naogopa tutapata siku moja ya furaha, picha mingi, na kisha hakuna kitu. Mimi ni mtu wa agronomia, na kwetu tunapima udongo mbele ya kupanda. Leo nataka kupima wazo hili.

Tuelewane kwanza juu ya maneno. Radioamateri ni mtu anayetumia mawimbi ya radio kwa kujifunza na kujaribu, bila kutafuta faida, na kwa ruhusa ya serikali. Anapewa jina la wito ambalo linaonyesha nchi yake. Majina ya Kongo yetu mara mingi huanza na 9Q. Wazee wa Goma hawawezi kushangaa. Mbele ya telefone za mkononi kufika, parokia, hospitali na wafanyabiashara walikuwa wanaongea na Walikale ama Kisangani kwa foni. Foni ilikuwa chombo cha kazi. Radioamateri ni wa familia ile ile, ila yeye anachotafuta ni kujua.

Familia hiyo ilipanda angani mwaka 1983. Mwaka ule Owen Garriott akawa mwanaanga wa kwanza kuongea na maradioamateri wa duniani, akiwa ndani ya chombo cha Marekani. Leo kuna programu inayoitwa ARISS ambayo inaunganisha shule na wanaanga wa ISS. Kituo hicho kiko kilometa 400 hivi juu yetu na kinazunguka dunia kwa dakika 90 hivi. Kikipita juu ya mji wenu, munakipata kwa dakika kama 10, basi. Watoto wanajipanga mstari, kila mmoja anasoma swali lake ambalo liliandikwa mbele, mwanaanga anajibu, watu wanapiga makofi.

Sasa uliza swali hili: katika zile dakika 10, nani anafanya radio? Ni mtu mmoja ama wawili wenye ruhusa na antena. Wengine wanasoma karatasi. Tena iko zaidi ya hapo. Kama shule haina kituo chake, ARISS iko na njia nyingine: kituo cha nchi ingine kinashika ISS, na sauti inafika shuleni kupitia telefone ama intaneti. Kwa sisi wa Goma, hiyo njo njia ambayo tungepewa kwa urahisi zaidi. Lakini hapo radio yenyewe imebaki huko ng'ambo. Kwetu kunabaki bafle na mikrofoni. Mwanafunzi anarudi nyumbani akijua mwanaanga analala vipi, lakini hajui kwa nini sauti ilikatika kwenye dakika ya kumi.

Tusiwaonee. ARISS wenyewe wanadai mpango wa masomo mbele ya kukubali shule, na mwalimu mwenye bidii anaweza kufundisha miezi mingi kwa sababu ya zile dakika 10. Na mtoto aliyesikia sauti kutoka angani anaweza kuchagua fizikia maisha yake yote. Hayo sikatai. Ninachosema ni kwamba zile dakika ni mavuno, na mavuno yanahitaji saizo nzima mbele yake. Mpango wetu hauna saizo. Uko na banderole, orodha ya wageni na barua ya kuomba msaada.

Ugonjwa huu si wa Goma peke yake. Angalia namna tulivyopokea sateliti za majirani. Kenya ilikuwa na 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoachiwa kutoka ISS tarehe 11 Mei 2018. Rwanda ikafuata na RWASAT-1 mwaka 2019, Uganda na PearlAfricaSat-1 Desemba 2022. Magrupu yetu yalijaa bendera, hongera, na wivu kidogo. Lakini sateliti ya Kenya na ile ya Uganda zilikuwa zinaongea kwenye frekwansi za radioamateri, pale ambapo mtu yeyote mwenye kifaa cha kupokea anaruhusiwa kusikiliza. Njia yao ilipita juu ya Goma vile vile ilivyopita juu ya Nairobi na Kampala. Ndani ya oditwari zetu, ni wangapi walisikia hata sekunde moja ya sauti yao? Sisi wa agronomia inatuuma zaidi, juu RWASAT-1 ilibeba kamera na chombo cha kukusanya habari kutoka vipimo vilivyowekwa chini, na kilimo kilikuwa kati ya kazi zake. Sateliti ndogo kama hizo, zikiachiwa kutoka ISS, hukaa angani mwaka mmoja, miwili, kisha zinaungua. Nafasi ilipita juu ya vichwa vyetu mara kadhaa kila siku.

Hata nchi yetu ilishaona roketi. Tarehe 17 Mei 1977 kampuni ya Kijerumani OTRAG ilirusha roketi yake ya kwanza kutoka Shaba, juu ya ardhi kubwa ambayo Zaire iliikodisha. Mwaka 1979 Mobutu akaifukuza, mambo yakaisha. Chombo kikiruka kutoka ardhi yako, hiyo haikufanyi kuwa mtu wa anga.

Linganisha na shule moja ya Uingereza, Kettering Grammar School. Mwalimu wa fizikia Geoffrey Perry na wanafunzi wake hawakuwa na roketi wala mwaliko wa mwanaanga. Walikuwa na radio ya kupokea, saa, na daftari. Kila siku walisikiliza sateliti za Usovieti, wakaandika saa ambayo kila moja inatokea na saa ambayo inapotea. Mwaka 1966 hesabu zao zikaonyesha kitu cha ajabu: sateliti moja, Kosmos 112, njia yake haikulingana na uwanja uliojulikana. Ilirushwa kutoka mahali pengine, ambapo Moscow haikuwa imepatangaza. Pale ni Plesetsk. Watoto wa sekondari walifunua siri ya dola kubwa kwa kusikiliza na kuandika, bila kutuma hata neno moja hewani.

Kwangu hiyo njo klabu. Na kipimo chake ni daftari. Kama daftari lina kurasa 200 za tarehe, saa, frekwansi, hali ya hewa, antena iliyotumika, na makosa yaliyotokea, klabu iko hai. Kama kuna albamu ya picha tu, klabu imekufa hata kama ina prezida, makamu wa prezida na mhuri.

Hapa mtu ataniambia: «Wewe, Kettering ni Ulaya. Sisi hata umeme tunauombea.» Nakubali umeme ni shida. Lakini angalia vitu vinavyohitajika kweli. Kuna kle ndogo ya USB inayopokea radio, bei yake kwa kawaida iko chini ya dola 50. Kle moja na ordinateri moja vinatosha watu 15. Radio ya ndani ya telefone haitasaidia, juu inaishia kwenye megahertzi 108, na sauti ya wanaanga inashuka kwenye 145.800. Antena munaitengeneza wenyewe. Chukua 300, gawanya kwa 145.8: unapata urefu wa wimbi, mita 2 na kitu. Robo yake ni sentimita 50 hivi. Waya wa shaba wa urefu huo unapatikana Birere kwa bei ya soda. Mwanafunzi aliyekata waya huo mwenyewe, akakosea, akakata tena, hatasahau tena uhusiano kati ya frekwansi na urefu wa wimbi.

Kisha anasikia kitu ambacho kitabu kinashindwa kumpa. Wote tunajua honi ya motari anayekuja mbio: akikaribia sauti iko juu, akishakupita inashuka. Sateliti inafanya vile vile. ISS inapokuja, frekwansi yake inapanda kidogo juu ya ile iliyoandikwa. Inapokwenda, inashuka chini yake. Kama haufuati kwa mkono, sauti inaharibika. Hiyo njo Doppler, ile ambayo asistanti aliichora ubaoni na sisi tukaikopi kwa ajili ya mtihani.

Na kuna zawadi moja ambayo Goma tuko nayo bila kuijua. Novemba 2018 sateliti ya Qatar, Es'hail-2, ilipanda ikiwa na sehemu ya radioamateri inayoitwa QO-100. Hiyo haizunguki kama ISS. Inabaki mahali pamoja juu ya ikweta, kwenye digrii 25.9 mashariki. Sisi tuko karibu na digrii 29 mashariki, na ikweta iko pale juu kidogo upande wa Butembo. Maana yake sateliti hiyo iko karibu kabisa juu ya utosi wetu. Watu wa Ulaya wanalaza parabola yao kuitafuta. Sisi tunaielekeza juu. Parabola ya zamani ya televisheni, kichwa chake, ile kle ya USB, na batri ya volti 12 ya panelo: mnasikia maradioamateri kutoka Brazili mpaka upande wa Asia wakiongea, saa 24, bila kungojea dakika 10. Shida itakuwa maji ya mvua na majivu ya Nyiragongo kujaa ndani ya parabola iliyoangalia juu. Muwaachie wanafunzi watafute dawa ya hiyo. Lile nalo ni somo.

Onyo dogo la kazi: mafundisho mengi ya kwenye intaneti yanawaambia muanze na picha za mvua kutoka NOAA 15, 18 na 19. Sateliti hizo zilizimwa mwaka 2025. Atakayewauzia formasheni juu yao leo, mumuulize yeye mwenyewe alizisikia lini mara ya mwisho.

Juu ya formasheni, nilishahudhuria moja, siku tatu, vifaa vipya mezani. Siku ya mwisho vifaa vilirudi kwenye kartoni, kartoni ikaingia kwenye ofisi, ofisi ikafungwa kwa kufuli. Ufunguo uko na mtu ambaye yuko safarini. Kila mmoja wetu anajua kartoni kama hiyo. Klabu yetu ikiwa na kifaa kimoja tu, kitembee: wiki hii kwa wa politekniki, wiki ijayo kwa wa agro, kisha sekondari moja ya Ndosho ama Majengo, na kila anayekipokea aweke sahihi kwenye daftari.

Sasa nafikia jambo zito. Katika mji huu antena haina usingizi wa amani. Munajua hali yetu tangu Januari 2025, sitairudilia. Mtu akiona kijana juu ya nyumba na waya na «motorola», hataanza kufikiria sayansi. Hapa njo mpango wa kukimbilia kutuma sauti unaniogopesha. Kutuma hewani bila ruhusa ni kosa, na kwetu linaweza kugharimu zaidi ya faini. Kusikiliza ni njia ya usalama zaidi, lakini nayo iko na masharti: tufanye mchana, ndani ya kiwanja cha shule, uongozi ukijua na shefu wa kwartie akijua, kwenye frekwansi za radioamateri peke yake. Atakayetaka kusikiliza mambo ya waaskari, atoke kwenye klabu siku ile ile. Mpango ambao hauna hata mstari mmoja juu ya usalama wa watoto, mimi siusaini.

Wengine watauliza: «Itatulisha?» Sitawadanganya, klabu haitoi mushahara. Inatoa mikono inayojua kulehemu, kusoma batri, kuinua antena, kutafuta kosa kwa utaratibu na kuandika kilichoonekana bila kuongeza chumvi. Inatoa pia kitu kimoja tulichokikosa Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, na tena Januari 2025, neti ilipokatika: watu wanaoelewa namna habari inavyosafiri hewani, ambao hawaamini kila sauti ya WhatsApp. Wakati sheria na hali vitaruhusu, wale njo watafanya mtihani, watapewa jina lao la 9Q, na wataongea.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Barua ya kwa ARISS tuiweke pembeni mwaka mmoja. Tununue kle moja kwa mchango na daftari moja la kurasa 200. Kurasa zikijaa, tutaiandika ile barua, na maswali ya kumuuliza mwanaanga yatatoka ndani ya daftari.