Nimewaona Wauaji wa Sota, Tena Msasani!

Jamani, wekeni chini bomba la sumu, mje muone kopo langu la jamu!

Wiki tatu zilizopita nilichota mchanga chini ya mnazi, hapa hapa uani Msasani. Nikautia koponi, nikaulowesha, nikatia funza watano wa nondo wa nta niliopewa na mfuga nyuki, nikafunika, nikasukumia uvunguni. Siku ya nne nafungua: watatu wamekufa, wamelegea tepetepe, rangi kahawia, na hawanuki! Mdudu anayekufa kivyake huoza na kuvunda. Hawa walikuwa wameuawa.

Muuaji ni nematodi, mnyoo wa urefu wa kama nusu milimita. Huingia kwa mdomo, kwa njia ya haja au kwa vitundu vya kupumulia, kisha huachia bakteria aliowabeba tumboni. Ndani ya siku mbili mdudu kwisha, na nematodi wanaanza kula na kuzaana humo humo. Maiti nikazilaza juu ya kitambaa chenye unyevu, katikati ya sahani ya maji (Mama Neema hajanisamehe, ilikuwa sahani yake ya sambusa). Siku ya kumi nikamulika tochi ya simu, nikashika kioo cha kukuzia: maji yanacheza! Maelfu!

Na wala msiwachanganye na minyoo fundo wanaovimbisha mizizi ya nyanya. Hawa mmea hawaugusi; wanasaka wadudu tu.

Huko Naivasha, Kenya, kampuni ya Dudutech imewazalisha kwa ajili ya wakulima. Rwanda, nematodi wa huko huko wametiwa kwenye jeli na kujaribiwa ndani ya moyo wa mhindi, dhidi ya kiwavijeshi vamizi. Nasi je? Mwaka 2017 jarida moja la kisayansi lilichapisha maelezo ya spishi mpya kutoka udongo wa Tanzania: Steinernema pwaniensis. Pwani, jamani! Wangu siwezi kuwapa jina bila maabara, lakini joto la Dar wanalijua tangu kuzaliwa.

Juzi magharibi nikawamwagia kwenye tuta la mchicha lililolowa, lile ambalo sota, viwavi wa udongoni, hukata miche usiku. Asubuhi mbili mfululizo sijaokota mche uliolala. Tuta moja si ushahidi, najua, ila niacheni nifurahi!

Kasoro? Zipo. Jua huwamaliza upesi, kwa hiyo ni kazi ya jioni. Udongo ukikauka hawatembei. Na hawakai dukani miaka kama chupa ya sumu. Ni viumbe hai, wanataka ubaridi na haraka.

Nawapa tisa kwa kumi. Ile moja nimeikata kwa ajili ya sahani.